Kuijua Namba Kabla ya Kuigawanya

Katika soko la Tandika, wilaya ya Temeke, wauzaji wa machungwa hawayauzi moja moja tu, bali huyapanga mafungu juu ya meza au juu ya gunia lililotandikwa chini. Fungu moja huwa na machungwa manne au matano, kwa kadiri ya majira na ukubwa wa machungwa yenyewe. Asubuhi, mwenye biashara apatapo mzigo wake, huuhesabu kwanza. Kama amepata machungwa 348, je, akiyapanga manne manne yataisha sawasawa, au yatabaki mengine pasipo fungu? Na akiyapanga matano matano itakuwaje? Mtu asiyejua hana budi kuyapanga yote hata mwisho ndipo aone. Lakini aliyejifunza huitazama namba 348 mara moja, akajibu: "Manne manne yataisha, matano matano yatabaki matatu." Hakutumia karatasi wala kalamu. Ameisoma namba kama mtu asomavyo barua.

Elimu ya kuzisoma namba hivi si ngumu, na kila mtoto ajuaye kujumlisha na kuzidisha aweza kuipata. Kwanza lazima maana ya neno lifahamike. Namba husemwa kuwa yagawanyika kwa nyingine ikiwa baada ya kugawanya hapana kinachobaki. 20 yagawanyika kwa 4, kwa sababu 4 mara 5 ni 20 kamili. 22 haigawanyiki kwa 4, kwa kuwa yabaki 2. Kipimo cha kugawanyika ni njia fupi ya kujua kama pana baki au hapana, kabla ya kuifanya hesabu yenyewe.

Kumbuka tena jambo jingine lililo msingi wa yote yafuatayo. Tarakimu hupata thamani yake kwa mahali ilipokaa. Katika namba 348, ile 8 ni mamoja manane, ile 4 ni makumi manne, na ile 3 ni mamia matatu. Anayelishika jambo hili atazielewa sababu za vipimo vyote. Asiyelishika atakariri tu, na yaliyokaririwa bila sababu husahaulika upesi.

Vipimo vilivyo rahisi kuliko vyote ni vya 2, 5 na 10. Hivi hutazama tarakimu ya mwisho peke yake. Namba ikiishia kwa 0, 2, 4, 6 au 8, yagawanyika kwa 2, nayo huitwa shufwa; zisizogawanyika kwa 2 huitwa witiri. Ikiishia kwa 0 au 5, yagawanyika kwa 5. Ikiishia kwa 0, yagawanyika kwa 10. Kwa nini tarakimu nyingine hazitazamwi? Kwa sababu kila kumi lagawanyika kwa 2 na kwa 5 pia, maana 2 mara 5 ni 10. Basi makumi yote, na mamia yote, na maelfu yote, hayawezi kuacha baki. Baki likiwapo, halina mahali pa kukaa ila katika mamoja.

Kipimo cha 4 hutazama tarakimu mbili za mwisho. Kumi haligawanyiki kwa 4, lakini mia yagawanyika, kwa kuwa 4 mara 25 ni 100. Kwa hiyo mamia na maelfu huachwa kando, na zile mbili za mwisho ndizo hupimwa. Katika 348 hutazamwa 48 tu; nayo ni 4 mara 12. Ndiyo sababu machungwa yale yaliisha sawasawa, nayo yalikuwa mafungu 87. Kipimo cha 8 huendelea kwa njia ile ile: mia haigawanyiki kwa 8, bali elfu yagawanyika, maana 8 mara 125 ni 1,000. Basi hutazamwa tarakimu tatu za mwisho. 7,120 yagawanyika kwa 8, kwa kuwa 120 ni 8 mara 15.

Kipimo cha 4 chatumika hata katika kalenda. Mwaka ambao namba yake yagawanyika kwa 4 huwa na siku 366, na mwezi wake wa Februari huwa na siku 29. Mwaka 2024 ulikuwa hivyo, na mwaka 2028 utakuwa hivyo. Lakini kalenda iliyotengenezwa mwaka 1582, ambayo hutumika sasa karibu dunia nzima, iliweka sharti moja zaidi: mwaka uishiao kwa sifuri mbili hauwi mrefu mpaka ugawanyike kwa 400. Kwa hiyo mwaka 1900 ulikuwa na siku 365 tu, mwaka 2000 ulikuwa na siku 366, na mwaka 2100 utakuwa na siku 365.

Sasa ndivyo vipimo vya 3 na 9, ambavyo huwashangaza wengi. Hapa tarakimu ya mwisho haisaidii kitu. 13, 23 na 43 zote zaishia kwa 3, wala hapana hata moja igawanyikayo kwa 3. Kanuni ni hii: jumlisha tarakimu zote za namba. Jumla ikigawanyika kwa 9, namba nzima yagawanyika kwa 9. Jumla ikigawanyika kwa 3, namba nzima yagawanyika kwa 3.

Mtoto mwenye akili atauliza, "Mbona tarakimu zajumlishwa kana kwamba zote ni mamoja, hali nyingine ni makumi na nyingine ni mamia?" Swali hili ni zuri, na jawabu lake huonekana vizuri kwa vijiti. Katika shule nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam watoto wa madarasa ya chini hujifunza kuhesabu kwa vijiti na vizibo vya soda. Vijiti hivyo hivyo vyawafaa na wakubwa. Chukua vijiti 243. Vifunge mafurushi mawili ya mia mia, na vifurushi vinne vya kumi kumi, na vijiti vitatu vibaki huru. Sasa chomoa kijiti kimoja katika kila furushi la mia: litabaki na vijiti 99, ambavyo ni 9 mara 11, vyagawanyika. Chomoa kimoja katika kila kifurushi cha kumi: kitabaki na vijiti 9, navyo vyagawanyika. Je, mkononi mna vijiti vingapi? Viwili vya mamia, na vinne vya makumi, na vile vitatu vilivyokuwa huru: jumla 9. Hiyo 2 na 4 na 3 ndizo tarakimu za namba yenyewe! Yote yaliyobaki katika mafurushi hayana shaka; kilichobaki kupimwa ni hivi vya mkononi. Navyo ni 9. Basi 243 yagawanyika kwa 9, na kwa 3 pia.

Tena vijiti hutuonyesha jambo zaidi ya tulilouliza. Kama vingekuwa 245, mkononi mngekuwa na 11. Ukitoa 9 hubaki 2. Na kweli 245 ikigawanywa kwa 9 hubaki 2. Kumbe kipimo hiki hakisemi tu "ndiyo" au "siyo", bali hutaja na baki lenyewe.

Kipimo cha 6 hakihitaji kanuni mpya. Namba yagawanyika kwa 6 ikiwa yagawanyika kwa 2 na kwa 3 pamoja. 348 ni shufwa, na tarakimu zake ni jumla 15, ambayo yagawanyika kwa 3. Basi yagawanyika kwa 6. Vivyo hivyo 12 hupimwa kwa 3 na 4. Lakini jihadhari! Usidhani kwamba namba igawanyikayo kwa 2 na kwa 4 yagawanyika lazima kwa 8. Tazama 12: yagawanyika kwa 2, yagawanyika kwa 4, wala haigawanyiki kwa 8. Sababu ni kwamba ndani ya 4 imo 2 tayari, na shahidi mmoja hahesabiwi mara mbili. 2 na 3 hazina kigawo cha shirika ila 1, kadhalika 3 na 4. Ndiyo maana ushuhuda wao ukiunganishwa huwa kamili.

Kipimo cha 11 chafanana na kile cha 9, ila chaenda kwa kupishana. Jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, na kuendelea, ukianza kutoka kulia. Kisha jumlisha zile ulizoziruka. Tafuta tofauti ya jumla hizo mbili. Ikiwa 0, au 11, au namba nyingine igawanyikayo kwa 11, basi namba nzima yagawanyika. Katika 2,728, jumla ya 8 na 7 ni 15. Jumla ya 2 na 2 ni 4. Tofauti ni 11. Basi yagawanyika, nayo ni 11 mara 248. Sababu ni kwamba kumi limepungua moja kufika 11, mia imezidi moja juu ya 99, na elfu imepungua moja kufika 1,001. Na 99 na 1,001 zote mbili zagawanyika kwa 11. Kupungua na kuzidi kwafuatana kama miguu ya mtu atembeaye.

Imebaki 7. Namba hii ni kaidi, na vitabu vingi vya shule huipita kimya. Mwaka 2019 mtoto mmoja wa Kinigeria aitwaye Chika Ofili, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa akisoma katika Westminster Under School, London. Mwalimu wake alimpa kitabu cha hesabu akisome wakati wa likizo. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya namba tangu 2 hata 9, ila cha 7 hakikuwamo. Mtoto yule hakuridhika. Alikaa akafikiri, akapata njia yake mwenyewe: ondoa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 5, kisha jumlisha na namba iliyobaki. Ukipata namba igawanyikayo kwa 7, basi ile ya kwanza nayo yagawanyika. Namba ikiwa kubwa, rudia mpaka iwe ndogo.

Jaribu kwa 532. Ondoa 2, ibaki 53. 2 mara 5 ni 10. 53 na 10 ni 63. Nayo 63 ni 7 mara 9; basi 532 yagawanyika. Sababu yake ni nini? Zidisha 63 kwa 10, upate 630. Ukitoa 532 katika 630, tofauti ni 98, yaani 49 mara ile 2 iliyoondolewa. Daima tofauti huwa 49 mara tarakimu ya mwisho, na 49 ni 7 mara 7. Kwa hiyo 630 na 532 zaenda pamoja: moja ikigawanyika kwa 7, na ya pili yagawanyika. Na kwa kuwa 10 haina kigawo cha shirika na 7 ila 1, kuzidisha kwa 10 hakuwezi kuleta wala kuondoa 7. Mtoto yule alisifiwa katika nchi nyingi, wala hakuwa na chombo chochote ila kalamu, karatasi na subira.

Faida ya vipimo hivi yaonekana zaidi katika kusahihisha hesabu. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipoanza kutoa elimu bila malipo tangu shule za awali hata kidato cha nne, watoto wengi waliandikishwa. Mahali wanafunzi ni wengi na mwalimu ni mmoja, mwalimu hawezi kusimama kila saa nyuma ya kila mtoto. Basi mtoto awezaye kujisahihisha amepata mwalimu wa pili ndani ya kichwa chake.

Tazama mfano wa kweli. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, watu wa wilaya tano za Mkoa wa Dar es Salaam walikuwa hivi: Ilala 1,649,912; Kinondoni 982,328; Temeke 1,346,674; Ubungo, iliyokatwa kutoka Kinondoni, 1,086,912; na Kigamboni, iliyokatwa kutoka Temeke, 317,902. Jumla ya mkoa ilikuwa 5,383,728. Je, imejumlishwa sawa? Tafuta baki la kila moja kwa kipimo cha 9. Tarakimu za Ilala ni jumla 32, baki 5. Za Kinondoni pia ni 32, baki 5. Za Temeke ni 31, baki 4. Za Ubungo ni 27, baki 0. Za Kigamboni ni 22, baki 4. Jumlisha mabaki: 5 na 5 na 4 na 0 na 4 ni 18, ambayo haiachi baki. Sasa tazama jumla kuu: tarakimu zake ni 36, nazo haziachi baki. Mabaki yamepatana.

Njia hii ni ya kale. Wataalamu wa hesabu wa Bara Hindi na wa nchi za Waarabu waliijua tangu miaka elfu moja iliyopita. Leonardo wa Pisa, aliyefundishwa hesabu ujanani katika mji wa Bejaia, pwani ya Aljeria, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1202, na hivyo wafanyabiashara wa Ulaya wakaipata.

Lakini uijue na mipaka yake. Mabaki yasipopatana, kosa lipo, hapana shaka. Yakipatana, haijathibitika kwamba hesabu ni sahihi. Mtu akiandika 5,338,728 badala ya 5,383,728, tarakimu ni zile zile, jumla yake ni ile ile 36, na kipimo hakitaona kitu. Kipimo cha 9 chaweza kushuhudia kosa, bali hakiwezi kuapa kwamba hapana kosa. Hata hivyo udhaifu huu una faida yake: makarani wa hesabu waonapo vitabu viwili vyatofautiana kwa 9, au 90, au 900, hushuku kwanza kwamba tarakimu mbili zimebadilishana mahali.

Fikiri basi juu ya kikundi cha akina mama tisa wa Mbagala wanaoweka akiba. Kila juma wote tisa huweka kiasi kimoja, ila kiasi hicho huongezwa au hupunguzwa kwa kufuata hali ya biashara. Mwisho wa mwaka daftari lina kurasa nne: ukurasa wa kwanza shilingi 198,000, wa pili 261,000, wa tatu 262,000, na wa nne 306,000. Jumla ni 1,027,000. Wanafungua sanduku, wanahesabu fedha, wanakuta 1,017,000. Shilingi 10,000 hazipo! Watu wanakaa kimya, na macho yote yanamwelekea mweka hazina. Hapana aliyesema neno, lakini katika kimya kile urafiki wa miaka waanza kupasuka.

Binti wa mweka hazina, mwanafunzi wa darasa la sita, anaomba ruhusa ya kulitazama daftari. Anajua kwamba ikiwa watu tisa wameweka sawasawa, kila ukurasa lazima ugawanyike kwa 9. Anajumlisha tarakimu: ukurasa wa kwanza 18, wa pili 9, wa nne 9. Ukurasa wa tatu ni 10. "Mama," anasema, "kosa limo katika ukurasa wa tatu. Fedha za sandukuni zagawanyika kwa tisa; za daftari hazigawanyiki." Wanaufungua ukurasa huo. Mna majuma kumi na moja: sita ya shilingi 27,000, na matano ya shilingi 18,000. Wanajumlisha upya. Saba sita ni 42, nane tano ni 40, jumla 82: andika 2, pandisha 8. Aliyeandika alipandisha 9. Kwa hiyo 252,000 ikawa 262,000. Fedha hazikuibwa, hazikuwapo tangu mwanzo. Kila mama akapokea shilingi 113,000 zake, na mweka hazina akaenda nyumbani na heshima yake.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nalo daftari lisilopimwa laweza kupoteza kitu kilicho bora kuliko mali, yaani jina jema la mtu asiye na hatia. Basi mtoto asivikariri vipimo hivi kwa ajili ya mtihani tu, kisha akavitupa. Avitumie sokoni, nyumbani, na mahali popote fedha za watu wengi zihesabiwapo.

Maswali

1. Bila kugawanya, sema ni zipi kati ya hizi zigawanyikazo kwa 4: 514, 736, 1,902, 6,100.

2. Mfanyabiashara wa soko la Tandale, wilaya ya Kinondoni, ana ndizi 415, naye ataka kuzipanga mafungu ya tisa tisa. Zitabaki ngapi?

3. Andika namba yoyote ya tarakimu mbili, kisha iandike tena kinyume mbele yake, kama 27 na 72 kuwa 2,772. Kwa nini namba ya namna hii hugawanyika kwa 11 sikuzote?

4. Pima kama idadi ya watu wa Mkoa wa Dar es Salaam mwaka 2022, yaani 5,383,728, yagawanyika kwa 7. Ipime tena kwa 8 na kwa 9.

5. Namba moja yagawanyika kwa 3 na kwa 6. Je, lazima igawanyike kwa 18? Toa mfano na sababu.